Kimya cha Kope Mbili

Mimi ni karani Tanga, mwaka wa kumi na sita,
Mafaili nayapanga, majina ninayaita,
Nimewaona wachanga na wakongwe wa kuteta;
Majoho yote meusi, wavaaji tofauti.

Ilikuwa Jumatano, saa tatu ikifika,
Nyumba ya vyumba vitano, Ngamiani, yapasuka,
Na mjane, kwa mkono, hati yake kaishika:
Bahasha ya kaki ile, kona zimeshachakaa.

Hayumo wakili wake, kiti cha mbele ki wazi,
Ageuza shingo yake kila kishindo cha ngazi,
Feni na mlio wake yasaga joto la juzi;
Msomi Hiza hajaja, na jina nishaliita.

Upande wa pili yupo Semboja wa Chumbageni,
Na mteja wake hapo, muuza bati mjini,
Anong'ona kwa kiapo, mdomo u sikioni;
Nipo hatua mbili tu, nayasikia maneno:

"Kaa kimya, usiseme, jina lake na liitwe,
Mama pweke asimame, kwa maswali akamatwe,
Simu yako uizime, ujumbe wake ufutwe.
Kunyamaza si uongo, nimekulipa kwa hilo."

Asubuhi kwenye ua Semboja kanionesha:
"Mwanangu anaugua, Bombo nimemfikisha.
Jaji apate kujua, sentensi moja yatosha."
Kisha simu mfukoni, hakusema neno tena.

Huja na baisikeli, joho kalifunga nyuma,
Wenzake magari ghali, vioo juu, yanavuma,
Humhoji mtu kwa swali, wala si kwa kumsakama,
Akishindwa huinama: "Mheshimiwa, asante."

Jaji kavua miwani, kauliza: "Una neno?"
Mteja chini mezani, joho lavutwa mkono,
Kalamu yangu hewani, nami nimeuma meno.
Kwa kimya cha kope mbili nyumba ile ingekwenda.

Semboja kajiinua, vidole juu ya meza:
"Mheshimiwa, najua sababu, nitaeleza.
Mwanawe anaugua, Bombo wanamuuguza.
Kwa niaba yake, tupe tarehe ya karibuni."

Nimeona wenye ndimi zinazopaka asali,
Wakanitazama mimi, noti ndani ya faili,
Wakamtisha, hasemi, shahidi mwenye ukweli.
Noti nilizirudisha. Ila moja. Niacheni.

Basi nilipomwandika, mkono ukatetema,
Jaji naye kaitika, tarehe akaisema,
Mjane akaondoka, hajui shimo la nyuma.
Hakumshukuru mtu. Angemshukuru nani?

Kwenye korido mteja akafoka hadharani:
"Nimekulipa, Semboja! Uko upande wa nani?
Faili langu nalingoja, wenzio tele mjini."
Kalitoa, na salio la ada, hadi shilingi.

Nikamwuliza: "Hujuti?" Kola akiifungua:
"Najuta. Nina mabinti, na karo zanisumbua.
Ila ukweli si shati, kuvaa na kulivua.
Aliniuliza mimi, na jibu lilikuwepo."

Mtoto alipopona, Hiza karudi kazini,
Wakapishana mchana na Semboja mlangoni,
Hawakuongea sana, kichwa tu, kama jirani.
Kesi imefika wapi? Siyo yangu kuisema.

Ile noti nilokula ilinunua viatu,
Soli zimekwisha, wala siwezi kumpa mtu,
Usiku ninapolala vyapanda ngazi ya kwetu.
Kesho, saa tatu, tena nitayaita majina.